Mashine ya Kuchambua na Jina la Mchambuaji

Kila mashine mpya inapoingia shambani, watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza huishangilia kwa kuwa inafanya kwa saa moja kazi iliyokuwa ikifanywa na mikono kwa juma zima. Fungu la pili huilaani kwa kuwa inawapokonya maskini tonge lililokaribia mdomoni. Mabishano huwa makali, barua humiminika kwa wahariri, na mwishowe mashine husalia shambani ilhali vibarua hutawanyika wasijulikane walikoelekea. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mafungu yote mawili hufika yakiwa yamechelewa. Swali la nani atafaidi na nani atapata hasara huwa limekwisha kujibiwa kabla ya mashine kufika. Hujibiwa, kwa kiasi kikubwa, na jina ambalo sheria imempa, au imekataa kumpa, yule anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Mfano nitakaoutumia huenda ukamshtua mwalimu anayeusoma ukurasa huu katika chumba cha walimu. Ni mashine za kuchambulia bangi katika mashamba ya kibiashara ya Marekani. Naomba nisieleweke visivyo. Humu nchini bangi imepigwa marufuku na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, ambayo ilirekebishwa mwaka 2022, na mwalimu aliyewahi kumwona mwanafunzi mwerevu akipotelea moshini hana haja ya kuelezwa madhara yake. Siandiki kuitetea. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ni nadra kuliona zao likitoka gizani na kuingia katika mwangaza wa sheria mbele ya macho yetu, likiwa na vibarua wake, wakulima wake na mashine zake, yote katika muda usiozidi miaka ishirini. Mtafiti wa kazi na maisha ya vibarua angetamani mfano gani ulio wazi kuliko huo?

Tuanze na kitenzi chenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kuchambua ni kukitenga kinachotakiwa na kisichotakiwa kwa kukipitia kidogo kidogo. Mama huchambua mchicha, akaondoa mabua magumu na majani yaliyotobolewa na wadudu. Wapemba huchambua karafuu, wakazitenga na makonyo yake. Pamba huchambuliwa ili nyuzi zitengane na mbegu. Nasi wasomi tuliliazima neno hilo kutoka jikoni na shambani, tukalitawaza katika madarasa: tunachambua shairi, tunachambua riwaya, tunachambua siasa. Hata viambishi tulivigawana bila haki. Anayechambua shairi tunamwita mchambuzi, naye ana ofisi na mshahara wa mwezi. Anayechambua karafuu ni mchambuaji, naye ana mkeka na ujira wa siku. Kitenzi ni kimoja. Heshima ndiyo iliyotofautiana. Tofauti hiyo ndogo ya umbo la neno itatufaa mbele ya safari.

Je, bangi inachambuliwa vipi? Mmea unapovunwa, sehemu yenye thamani ni vishada vya maua ya mmea wa kike. Vishada hivyo huzungukwa na majani ya aina mbili. Yapo mapana, ambayo hung'olewa kwa urahisi, na yapo madogo yanayochomoza katikati ya maua yenyewe. Juu ya maua na juu ya vijani hivyo vidogo kuna vinyweleo vyenye utomvu, na humo ndimo zinamojikusanya kemikali zinazolevya pamoja na zile zinazotafutwa na watengenezaji wa dawa. Vijani vikiachwa, bidhaa huonekana chafu na moshi wake hukwaruza koo. Vikikatwa kwa pupa, vinyweleo hupukutika na thamani nayo hupukutika. Kwa hiyo kazi hii ilihitaji makasi madogo, jicho makini na subira isiyokuwa na mwisho.

Kaskazini mwa jimbo la California kuna wilaya tatu zinazopakana: Humboldt, Mendocino na Trinity. Watu wa huko huliita eneo hilo Pembetatu ya Zumaridi. Tangu miaka ya 1970 milima yake yenye misitu ilikuwa maficho ya wakulima wa bangi. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Novemba, maelfu ya watu walimiminika huko kutafuta kazi ya makasi: vijana wa Kimarekani wasio na makao maalumu, wanafunzi walioahirisha masomo, wahamiaji kutoka Meksiko, na hata wasafiri kutoka Ulaya na Amerika ya Kusini. Wenyeji waliwabandika jina la utani lililounganisha neno la kupunguza kwa makasi na neno la mhamiaji. Waliketi kuizunguka meza, saa 10 au 12 kwa siku, wakikata vijani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ujira uliozoeleka ulikuwa takriban dola 200 kwa ratili moja, yaani kiasi cha gramu 450, na mchambuaji mzoefu aliweza kumaliza ratili moja au mbili kwa siku. Baadaye ujira ulishuka hadi dola 150, ukashuka tena hadi 100, na mahali pengine chini ya hapo.

Kwa mtazamo wa haraka, msomaji atasema huo ulikuwa ujira mnono. Ulikuwa mnono, ila haukuandikwa popote. Fedha zilipita kutoka mkono hadi mkono. Mwajiri hakutaja jina lake la ukoo, na mwajiriwa hakuuliza. Ambaye hakulipwa hakuwa na mahali pa kushtaki, kwani angeanza vipi kumweleza askari kazi aliyokuwa akiifanya? Mwaka 2016 waandishi wa habari za uchunguzi walichapisha masimulizi ya wanawake waliodhulumiwa kimwili katika mashamba hayo na wakashindwa kupata msaada, huku wakiwa mbali na barabara, mbali na simu na mbali na sheria. Hiyo ndiyo maana ya kufanya kazi isiyo na jina.

Sasa tuitazame mashine. Mashine za kuchambulia bangi, ambazo nyingi zilibuniwa katika majimbo ya British Columbia na Quebec nchini Kanada, zimeundwa kwa njia rahisi kueleweka. Chukua pipa refu la chuma kisichoshika kutu, lililotobolewa matundu marefu membamba. Pipa huzunguka polepole huku vishada vikibingirika ndani yake. Feni yenye nguvu huvuta hewa kutoka nje, na vijani hutokeza matunduni. Visu vinavyozunguka nje ya pipa, mithili ya vile vya mashine ya kukatia nyasi, huvikata na kuvipeleka mfukoni. Aina nyingine, inayotumiwa zaidi kwa bangi iliyokaushwa, huweka visu chini ya wavu na kuvisukuma vishada taratibu juu yake. Wapo pia wahandisi wanaojaribu mikono ya roboti yenye kamera, inayokitazama kila kikonyo kabla ya kukata. Mashine kubwa, kwa madai ya watengenezaji wake, hupitisha makumi ya ratili kwa saa. Mtu mmoja huilisha, mwingine hupokea upande wa pili, na wachache husahihisha kwa makasi pale iliposahau.

Mashine hizi zina kasoro. Kule kubingirika hupukutisha vinyweleo, na vishada vyote hutoka na umbo moja la mviringo kana kwamba vimefinyangwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wauzaji hutangaza kwa fahari kwamba bidhaa yao imechambuliwa kwa mkono, na hutoza zaidi. Lakini kasoro hizo hazikuizuia mashine kuenea, na sababu ya kuenea kwake ndiyo kiini cha mambo.

California iliruhusu bangi kwa matumizi ya kitabibu kwa kura ya mwaka 1996. Mnamo Novemba 2016 wapiga kura waliiruhusu kwa watu wazima wote, na maduka yakafunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2018. Kanada nayo ilifuata kwa nchi nzima mnamo Oktoba 2018. Ghafla mkulima alihitaji leseni, mkaguzi, mhasibu, bima ya wafanyakazi na kodi ya mishahara. Kila mtu aliyeketi mezani na makasi sasa alikuwa na gharama inayoandikwa vitabuni. Wakati huohuo mashamba makubwa yalizuka, mazao yakafurika, na mwaka 2021 bei ya jumla katika jimbo hilo iliporomoka vibaya. Mkulima aliyebanwa na kodi upande huu na bei upande ule aliona njia moja tu ya kupunguza gharama kwa haraka. Akanunua pipa la chuma.

Ewe msomaji, hebu uone kinaya kilichopo hapa. Sheria ilikuja kulitoa zao gizani, na hapana shaka ilimtoa mkulima na mwenye duka. Lakini mchambuaji, ambaye ndiye aliyedhulumika zaidi katika giza hilo, alifika mlangoni akamkuta amerithiwa na mashine. Wengi wao hawakupewa notisi kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa kuvunjwa. Hawakupewa malipo ya kuachishwa kazi kwa kuwa hapakuwa na siku zilizohesabiwa. Kabila lile la msimu lilipungua mwaka baada ya mwaka, na hakuna daftari lililoandika kupungua kwake.

Je, waliobaki walipewa jina gani? Hapa mwanaisimu hana budi kuingilia kati. Sheria ya Marekani ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1935, inayolinda haki ya kuunda vyama, iliwabagua watu wa mashambani: kibarua wa kilimo hakuhesabiwa kuwa mfanyakazi kwa mujibu wake. Basi likazuka swali linalofanana na mtihani wa semantiki. Mtu anayekata vijani vya bangi iliyokwisha kuvunwa ni kibarua wa kilimo, au ni mfanyakazi wa kiwanda? Mwaka 2013 mawakili wa bodi inayosimamia sheria hiyo walitoa maoni kuhusu kampuni moja ya jimbo la Maine, wakasema kwamba waliokuwa wakilitayarisha zao hilo hawakuwa vibarua wa kilimo. Mwaka 2020 maoni kutoka bodi iyo hiyo kuhusu kampuni ya Pennsylvania yaliegemea upande wa pili: hao ni watu wa kilimo. Swali walilokuwa wakijiuliza lilikuwa kama kazi ile inaligeuza zao kuwa kitu kingine, au inaliandaa tu kwa soko. Mtu huyohuyo, mwenye makasi yaleyale, anapata au anakosa haki kulingana na maana ya neno moja. Wanafunzi wanaouliza semantiki ina faida gani nje ya chumba cha mtihani na walitafakari hilo.

California kwa upande wake ilijaribu kuziba pengo. Sheria ya jimbo kuhusu biashara hiyo iliwataka wenye leseni walioajiri watu 20 au zaidi waingie mkataba wa maelewano na chama cha wafanyakazi, na kuanzia Julai 2024 kiwango hicho kilishushwa hadi watu 10. Hiyo ni hatua njema. Lakini shamba lenye pipa la chuma na watu saba halifikii kiwango hicho. Mashine imewapunguza watu hadi chini ya idadi ambayo sheria huanza kuwaona.

Haki inanilazimu niupe nafasi upande unaoitetea mashine. Watetezi wake husema kwamba kazi ya makasi huumiza viganja na mgongo, inachosha akili, na haiwezi kuitwa kazi ya kumwinua mtu. Hayo ni kweli. Mtu aliyekata vijani kwa saa 12 hashiki kalamu jioni. Kuisifu kazi ngumu ni rahisi kwa yule asiyeifanya. Hata hivyo, mashine haiondoi hatari zote. Mara nyingine huibadilisha sura tu. Mnamo Januari 2022 mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha bangi mjini Holyoke, jimbo la Massachusetts, alishikwa na pumu akiwa kazini akafariki. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilikihusisha kifo hicho na vumbi la bangi iliyosagwa. Panapokuwa na mashine ya kusaga au ya kukata kwa kasi, pana vumbi pia, na mtu mmoja aliyebaki penye watu kumi huvuta pumzi za wote.

Hadithi hii si ngeni kwa Marekani. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba. Kabla ya hapo, mtu mmoja aliweza kuchambua takriban ratili moja ya pamba ya nyuzi fupi kwa siku, kiasi kisichotofautiana sana na cha mchambuaji wa bangi. Mashine ilifikia ratili 50. Kwa hesabu ya darasani ungetarajia mzigo wa watumwa upungue. Kumbe kuchambua kuliporahisishwa, kupanda na kuchuma kulipata faida isiyokuwa na kifani, na mashamba yakapanuka kuelekea magharibi. Mwaka 1790 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao 700,000; mwaka 1860 walikuwa wanakaribia milioni 4. Mashine ilikuwa nzuri kwa kazi yake. Lakini mtumwa alikuwa na jina katika sheria, nalo lilikuwa mali. Kwa kuwa alikuwa mali, kila kilichookolewa na mashine kilikwenda kwa mwenye mali.

Mfano wa pili unaihusu California yenyewe, na unatuhusu sisi watu wa vyuo vikuu. Katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, Jack Hanna alizalisha nyanya ngumu isiyopondeka, na Coby Lorenzen akaunda mashine ya kuivuna. Mpango wa kuwaleta vibarua kutoka Meksiko ulipokoma mwishoni mwa 1964, mashine ilikuwa tayari, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 karibu nyanya zote za viwandani zilikuwa zikivunwa nayo. Maelfu kwa maelfu ya wachumaji walikosa kazi. Si wao peke yao: wakulima wa nyanya hizo, waliokuwa kiasi cha 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walibaki kiasi cha 600 mwaka 1973, kwa sababu mashine ilikuwa ghali na ilimfaa mwenye shamba kubwa. Mwaka 1979 mawakili wa maskini wa mashambani walikishtaki chuo hicho, wakiuliza kwa nini fedha za umma zilitumiwa kuwatajirisha wachache na kuwafukuza wengi. Kesi ilichukua miaka kumi, na chuo kilishinda katika rufani. Lakini swali halikushindwa. Linangoja katika kila maabara ya uhandisi, zikiwemo zetu.

Na sasa turejee nyumbani, kwa kuwa mashine imekwisha kubisha hodi humu, japo katika zao jingine. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, Bomet na Nandi, mashine za kuchumia chai zimekuwa zikiongezeka kwa takriban miaka ishirini. Mchumaji hodari huchagua majani mawili na kichipukizi. Mashine hukata yote yaliyo mbele yake, kwa kasi ambayo vidole haviwezi kuifikia. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kimegoma na kwenda mahakamani zaidi ya mara moja kuhusu jambo hilo. Mnamo Mei 2023 maandamano ya Kericho yaligeuka kuwa vurugu, na mashine kadhaa zikateketezwa kwa moto. Magazeti yaliandika kuhusu wahuni. Wanasiasa waliandamana kwa maneno. Makampuni yalieleza kupanda kwa gharama. Kisha kila mtu akaenda zake, na mashine nyingine zikaletwa.

Tofauti kati ya mchumaji wa Kericho na mchambuaji wa Humboldt ni kubwa kuliko tunavyodhani, nayo inampendelea mchumaji wetu. Yeye ana jina. Ana chama na mkataba wa pamoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, aeleze sababu, na amlipe kila anayeachishwa ujira usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua wa siku akiendelezwa kazini kwa muda uliotajwa, ajira yake hugeuka kuwa ya mwezi, pamoja na haki zake. Vifungu hivyo viwili ni ngao. Lakini ngao haimfai asiyejua kwamba anayo. Aidha, mwajiri mwerevu anaweza kuikwepa kwa kumwita mtu wa msimu kila msimu, hata akafikisha misimu kumi, ili siku zake zisiungane kamwe.

Neno lenyewe kibarua linatukumbusha jambo hili. Asili yake ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi za kukodiwa katika miji ya pwani yetu katika karne ya 19. Karatasi ilihamia kwa mtu, na mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Mkoloni naye alileta kipande, chini ya sheria ya kuwaandikisha wenyeji ya mwaka 1915, kilichobebwa na wanaume Waafrika katika kikebe shingoni. Kwa hiyo sisemi kwamba kila karatasi ni uhuru. Kipande kilimhesabu mtu ili asitoroke. Mkataba humhesabu ili asidhulumiwe. Tunachohitaji ni hesabu ya aina ya pili, na inapasa iandikwe kabla mashine haijapakuliwa bandarini Mombasa.

Jambo jingine limenitatiza kwa muda. Katika siasa zetu bangi imewahi kutangazwa kuwa dawa ya umaskini. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alipendekeza mswada wa kuihalalisha. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aliifanya nguzo ya kampeni yake ya urais, akiahidi kwamba mauzo ya nje yangelipa madeni ya taifa, na akapata kura chini ya asilimia moja. Wengine hutuelekeza kwa majirani: Lesotho ilitoa leseni za bangi ya kitabibu mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi na Rwanda zikafungua mlango mwaka 2020. Katika mijadala hiyo nilisikia habari za dola na hekta. Sikusikia hata mara moja nani ataketi mezani na makasi, wala kama meza hiyo itakuwepo. Soko la dawa hudai usafi na ulinganifu unaopimwa maabara, na anayetaka kuliingia leo huanza na nyumba za kioo na mashine. Kijana wa kijijini anayeambiwa kwamba zao hilo litampa kazi anaahidiwa kazi ambayo huko lilikotangulia imekwisha kukabidhiwa pipa la chuma. Ahadi hiyo ni batili hata kabla hatujafika kwenye swali la afya na maadili.

Tufanye nini basi? Sina dawa ya maradhi yote, lakini nina mambo matatu ya kupendekeza. Kwanza, pasiwepo mashine kubwa ya kuvunia au kuchambulia inayoingizwa katika mashamba ya waajiri wakubwa kabla ya mkataba wa pamoja kutaja wangapi watapunguzwa, kwa muda gani, na sehemu gani ya kile kinachookolewa itawarudia. Pili, vyuo vyetu vinapobuni au kuboresha zana za kilimo kwa fedha za umma, ripoti ya mhandisi iambatane na ripoti ya mtu aliyekwenda kuzungumza na wanaofanya kazi hiyo kwa mikono. Kama Davis ingefanya hivyo mwaka 1960, huenda isingeburutwa mahakamani mwaka 1979. Tatu, vyama vya ushirika visaidiwe kumiliki zana ndogo, kwa sababu mashine inayomilikiwa na wakulima wadogo hurudisha faida kijijini. Na hapo pia kibarua anayewachumia wakulima hao asisahauliwe, kwani mara nyingi yeye ndiye asiye na chama wala karatasi.

Kwenu walimu, nina ombi dogo. Mnapofundisha unyambuaji wa vitenzi katika kidato cha tatu, wapeni wanafunzi kitenzi hiki cha kuchambua. Waambieni waunde nomino zake, kisha wawaulize wazazi wao ni nani kijijini anayefanya kazi hizo, kwa ujira gani, na kama kuna mahali jina lake limeandikwa. Wengi watarudi na majibu ya kuhuzunisha, nao watakuwa wamejifunza sarufi na uraia kwa kipindi kimoja. Miongoni mwao yumo atakayeunda mashine, atakayeinunua, atakayetunga sheria, na bila shaka yumo ambaye mama yake ataachishwa kazi nayo. Ni afadhali wazungumze sasa wakiwa wameketi dawati moja. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwahi kuiona mashine ya kuchuma chai, lakini watu wa Kericho wanajua ufa huo ulianza wapi.